UZI: Watakatifu wa shaba wa Bizanti, kuanzia milango ya tajiri wa Amalfi hadi misalaba ya kuvaa shingoni

Mzee wa Kalibu (#1)

Heshima kwenu wakuu.

Kila ikitajwa sanaa ya Bizanti humu ndani, picha zinazotupiwa ni zilezile: mozaiki za dhahabu za Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, Yesu mwenye macho makubwa, Mfalme Justinian na malkia wake kule Ravenna, Italia. Ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila zile ziko juu ukutani na waliozilipia ni wafalme na wakubwa wa kanisa. Leo nataka tushuke kwenye shaba. Watakatifu wa shaba walikaa mlangoni wakasukumwa na kila anayeingia. Walivaliwa shingoni mpaka pua zikalika. Msimamo wangu nausema mapema ili atakayenipinga ajue pa kushika: ukitaka kumjua muumini wa kawaida wa Bizanti kati ya karne ya 10 na ya 12, anza na shaba, dhahabu utaikuta baadaye.

Kwa wageni wa mada: Bizanti ni Dola ya Roma ya Mashariki, makao makuu Konstantinopoli, ambayo leo ni Istanbul. Mji ulizinduliwa mwaka 330 na Waturuki wa Osmani wakauteka mwaka 1453. Lugha Kigiriki, dini Ukristo wa Kiorthodoksi.

Naanza na milango kwa sababu ina tarehe, ina majina, na ina mtu mmoja aliyekuwa na pesa na haraka ya kwenda mbinguni.

Amalfi ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Italia. Karne ya 11 wafanyabiashara wake walikuwa wanakwenda na kurudi Konstantinopoli, na walikuwa na mtaa wao kule. Mmoja wao ni Pantaleone, mtoto wa Mauro, familia ya mapesa. Kwenye miaka ya 1060 hivi akaagiza milango ya shaba ya kanisa kuu la mji wake. Milango ikatengenezwa na fundi aitwaye Simeoni wa Siria. Watakatifu waliomo ni wanne tu, katikati: Yesu, Bikira Maria, Petro na Andrea. Sehemu nyingine zote ni misalaba.

Desiderius, abati (mkuu wa watawa) wa monasteri ya Monte Cassino, akapita Amalfi, akaiona, ikamkaa moyoni. Akatuma vipimo Konstantinopoli ili naye atengenezewe. Milango ya Monte Cassino ina mwaka 1066, na aliyeigharamia ni Mauro. Mwaka 1070 ikaja ya Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, na hii ndiyo kubwa kuliko zote: sehemu 54. Matukio 12 ya maisha ya Yesu, manabii 12, mitume 12, na vifo vya mitume 12, kila mmoja jinsi alivyouawa. Aliyelipa ni Pantaleone, aliyesimamia ni mtawa Hildebrand, ambaye miaka mitatu baadaye akawa Papa Gregori VII. Fundi ameandika jina lake, Staurachios. Na kwenye kipande kimoja Pantaleone mwenyewe yumo, ameinama miguuni pa Yesu. Mwenye mali hakukubali kusahaulika.

Mwaka 1076 akatoa nyingine, ya pango la Malaika Mikaeli kule Monte Sant'Angelo, mlima Gargano. Hii ina sehemu 24 na karibu yote ni habari za malaika: Yakobo akishindana mweleka, vijana watatu kwenye tanuru, Petro akitolewa gerezani, Mikaeli akimtokea askofu wa Siponto. Kilichonifurahisha zaidi ni maandishi. Mtoaji anawaapisha wasimamizi wa kanisa waisafishe milango hiyo mara moja kila mwaka, ili ibaki ing'avu kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Karibu miaka 950 imepita na agizo bado liko palepale mlangoni.

Misalaba inakuja. Ngoja nipumue.

Siti ya Mbele (#2)

Nimeshakaa. Kahawa ipo, kashata zipo. Endelea mkuu.

Fundi Gerezani (#3)

Mkuu naomba kuuliza kiufundi maana haya ndiyo maisha yangu. Mlango mzima wa shaba, bawaba gani inabeba? Na hizo sura zimemiminwa zikatoka na umbo, au zimechongwa baadaye?

Mzee wa Kalibu (#4)

Fundi, swali lako ndilo lenyewe.

Mlango ni wa mbao. Juu yake yanapigiliwa mabamba ya shaba, kila bamba na picha yake, halafu maungio yanafunikwa na mikanda ya shaba. Kwa hiyo unachokiona ni ngozi, mifupa ni mbao. Ndiyo maana iliwezekana kuitengeneza Konstantinopoli kwa vipimo vilivyoletwa, ikapakiwa melini vipande vipande na kuungwa Italia.

Sura hazikuinuka. Bamba linamiminwa bapa, kisha fundi anachora kwa tindo. Kila mkunjo wa nguo ni mfereji mwembamba, mpana kidogo chini kuliko juu, na ndani yake unapigiliwa waya wa fedha mpaka ulingane na uso wa bamba. Nyuso, mikono na miguu ilikatwa kwenye bamba jembamba la fedha, ikatiwa kwenye shimo la umbo lake, kisha macho na nywele zikachanjwa na kujazwa weusi. Weusi mmojawapo ni nielo: fedha, shaba na risasi vimeyeyushwa pamoja na salfa. Yaani ni kazi ya kutia njumu, lakini kwenye shaba.

Sasa linganisha na Wajerumani. Kule Hildesheim, Askofu Bernward alipata milango yake mwaka 1015, na kila upande wa mlango ulimiminwa mzima kwa mpigo mmoja, watu wametokeza nje vichwa kama wanataka kuanguka. Kwa kumimina, Hildesheim wamewapiga bao Wabizanti, hilo halina ubishi. Lakini Mbizanti hakutaka mtakatifu atokeze. Alimtaka awe mstari wa fedha juu ya uwanja wenye kiza, mshumaa ukipita mstari unawaka na kuzimika. Hayo ni maamuzi, hawakukosa ujuzi.

Kuhusu metali: usitarajie mchanganyiko mmoja. Kuna shaba yenye bati, kuna yenye zinki, kuna yenye risasi tele, na kuna ya vyuma chakavu vilivyorudishwa motoni ambavyo vina kila kitu. Ndiyo maana makumbusho mengi siku hizi yanaandika tu "aloi ya shaba" na kunyamaza.

Bin Forodhani (#5)

Sheikh, hapo kwenye mbao na shaba umenigusa. Milango yetu ya Mji Mkongwe nayo ni mbao, shaba ni ile misumari mikubwa iliyotokeza. Mgeni akipita anapiga picha misumari, mbao ya watu haitazami.

Mzee wa Kalibu (#6)

Bin Forodhani, tofauti ni kwamba Unguja mchongaji wa mbao ndiye mwenye kazi na shaba inampambia. Huku seremala amefunikwa kabisa, hata jina hana. Aliyesaini ni mmiminaji.

Kichwa Ngumu (#7)

Mimi sijaelewa jambo moja. Amri Kumi zinakataza sanamu ya kuchonga. Hawa wanachonga watakatifu kwenye shaba, wanawavaa, wanawabusu, halafu mnatuambia ni muumini wa kawaida. Hiyo ni ibada ya sanamu tu yenye waya wa fedha. Na nijuavyo Wabizanti wenyewe waliwahi kuzivunja.

Mzee wa Kalibu (#8)

Waliwahi, tena mara mbili, na shaba imo ndani ya ugomvi huo.

Lango kuu la ikulu ya Konstantinopoli liliitwa Chalke, na juu yake palikuwa na picha ya Yesu. Masimulizi ya zamani yanasema Mfalme Leo III aliamuru iondolewe mwaka 726, kukatokea fujo. Watafiti wengi wa leo wana shaka na kisa hicho, wanaona kimetiwa chumvi na walioandika baadaye. Lakini ugomvi wenyewe ni wa kweli. Mtaguso wa pili wa Nisea mwaka 787 ukaruhusu picha, ukisema zinaweza kuwa za rangi, za mozaiki, na za kitu kingine chochote kifaacho. Zikapigwa marufuku tena mwaka 815. Mwaka 843 Malkia Theodora, aliyekuwa anatawala kwa niaba ya mwanawe mdogo Michael III, akazirudisha moja kwa moja.

Kichwa Ngumu, ushahidi mzuri kuliko maneno yangu uko Hagia Sophia yenyewe, kwenye ukumbi wa kusini-magharibi. Kuna mlango wa shaba uliowekwa na Theophilos, mume wa huyo Theodora, mfalme wa mwisho kupinga picha. Una tarehe ya 838, na baadaye ukarekebishwa kuwa 841 ili jina la mtoto Michael liingie. Mlango una nakshi, una monogramu (herufi za majina zilizofumwa pamoja), una misalaba. Mtakatifu hata mmoja hayupo. Sasa weka pembeni yake ule wa Roma wa 1070 wenye mitume na manabii. Mji uleule, shaba ileile, miaka 230 katikati. Ukitaka kuona ugomvi wa picha uliishaje bila kusoma kitabu, tazama milango hiyo miwili.

Na kuhusu ibada ya sanamu, aliyejibu mapema na kwa ukali ni Yohane wa Damasko. Huyu aliishi Shamu chini ya Banu Umayya, ukoo wake ulihudumu kwenye hazina ya makhalifa, na ndiyo sababu mkono wa mfalme wa Konstantinopoli haukumfikia. Hoja yake kwa kifupi: siabudu maada, namwabudu aliyeumba maada, ambaye kwa ajili yangu alikubali kuwa na mwili.

Mama wa Riruta (#9)

Wapendwa, mimi ni Mwothodoksi wa hapa Nairobi, naomba niongeze kidogo. Kwetu ukiingia kanisani utaona picha bapa, utaona misalaba ya chuma iliyochorwa, lakini sanamu ya kuzunguka kama ya dukani hutaiona. Mtakatifu anatazamwa usoni, hatazamwi mgongoni. Tunapobusu, heshima inamwendea yule aliyechorwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa toka katekesi, na mapadre wetu wengi wamesomea hapa hapa Riruta, ile seminari ambayo jiwe la msingi aliliweka Askofu Mkuu Makarios III, Rais wa Kipro, mwaka 1971. Sisi tuko chini ya Patriaki wa Aleksandria, kwa hiyo haya anayoyasema Mzee si mambo ya ng'ambo kwetu. Msalaba anaoushika padre kutubariki una picha hizo hizo.

Kichwa Ngumu mwanangu, karibu Jumapili moja ujionee.

Kichwa Ngumu (#10)

Asante mama, mwaliko nimeupokea. Kubishana nitaendelea.

Mzee wa Kalibu (#11)

Haya, misalaba. Hapa ndipo uzi ulipo.

Wagiriki wanauita *enkolpion*, kitu cha kifuani. Ni msalaba ambao ni sanduku. Nusu mbili zimemiminwa kila moja peke yake, zimeunganishwa kwa bawaba juu na chini, pini inapita, na ndani mna uwazi. Humo watu waliweka masalia: kibanzi cha mti wa Msalaba, kijiwe au udongo wa mahali patakatifu, kipande cha mfupa, uzi wa nguo. Mingi ni ya sentimita 5 hadi 12. Imechimbuliwa kwa mamia, Anatolia, Balkani, mpaka Ukraini na Urusi. Mingine imetoka makaburini, mwenyewe akazikwa nao.

Mtindo unaojulikana zaidi una sura zilizotokeza kidogo. Mbele Yesu yuko msalabani, amevaa kanzu ndefu isiyo na mikono, macho wazi, hana dalili ya maumivu. Nyuma yuko Bikira Maria ameinua mikono kuomba, na kwenye ncha nne za msalaba kuna vichwa vya wainjili wanne. Kanzu hiyo ni mtindo wa zamani wa Siria na Palestina, na mafundi waliendelea kuimimina hata baada ya wachoraji wa Konstantinopoli kuhamia kwenye Yesu aliyevaa shuka kiunoni na kichwa kimelala. Soko la misalaba lilikuwa na mazoea yake.

Mtindo wa pili ni wa bei ya chini na ndio ninaoupenda. Hakuna kilichotokeza. Mistari tu imechanjwa: mtakatifu mmoja amesimama, mikono juu, kichwa kikubwa, nguo ni mistari sambamba kama jamvi la bua. Pembeni jina. Joji anarudi tena na tena. Stefano yupo, Yohane yupo, Petro yupo. Na majina yamekosewa! Herufi zimerukwa, nyingine zimepinduka, nyingine fundi ameona nafasi imekwisha akaacha. Ukiuona unajua kabisa hakukuwa na msomi karibu na karakana.

Kwa nini Joji, Demetri na Teodori wanatamba hivyo? Hawa ni watakatifu askari, na karne ya 10 na ya 11 ni wakati wa vita mpakani, na Waarabu upande mmoja, Wabulgaria na Warusi upande wa pili. Mwaka 971 Mfalme John Tzimiskes alipowashinda Warusi pale Dorostolon kwenye mto Danube, wanahistoria wa zama hizo waliandika kwamba Teodori alionekana mbele ya jeshi juu ya farasi mweupe. Sasa wewe ni mtoto wa mkulima umechukuliwa jeshini. Mozaiki hubebi. Joji wa shaba anaingia chini ya kanzu.

Na wanawake walivaa pia, watoto pia. Bikira aliyeinua mikono sidhani kama alikuwa wa wanajeshi peke yao.

Kichwa Ngumu (#12)

Nimetafuta picha zake. Samahani wakuu, ni vitu vya ovyo. Mtoto wa chekechea anachora Joji kuliko hivyo. Mengine hata uso hauna, ni doa tu. Hiyo mnaita sanaa au biashara ya kuwauzia maskini?

Mzee wa Kalibu (#13)

Vyote viwili, na sioni aibu.

Hebu tuangalie doa linatokeaje. Fundi ana msalaba mzuri. Anaukandamiza kwenye udongo laini, anapata kalibu, anamimina. Msalaba unaotoka ni mdogo kidogo, maana shaba husinyaa ikipoa, na umepoteza ukali kidogo. Mwenzake wa mji wa pili hana ule wa kwanza, ana huu wa pili, anaukandamiza naye. Baada ya vizazi vitano pua haipo. Wataalamu wanaweza kupanga misalaba kwa ukoo wake kwa kuangalia namna sura zinavyofifia.

Wewe unasema imeharibika. Mbizanti alikuwa na jibu. Theodore wa Studios, abati wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 826, alipokuwa anatetea picha alitumia mfano wa pete ya muhuri: ukiigandamiza kwenye nta, kwenye lami au kwenye udongo, muhuri ni uleule, kilichobadilika ni kitu ulichogandamizia. Soma hoja hiyo ukiwa na msalaba wa kizazi cha tano mkononi. Joji aliyefifia hakuwa pungufu kwa Joji wa dhahabu. Mafundi wa shaba labda hawakumsoma Theodore, ila walichokuwa wanakifanya kila siku ni hicho hicho alichokiandika.

Na kisa cha Kyiv ndicho kinachonimaliza. Warusi walibatizwa chini ya mtawala wao Vladimir mwaka 988, wakaanza kuiga misalaba ya Wagiriki. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 13 karakana za Kyiv zilikuwa zinamimina kwenye kalibu za mawe misalaba yenye maneno ya kumwomba Mama wa Mungu asaidie. Maandishi yako kinyume, kama unayasoma kwenye kioo, kwa sababu mchonga kalibu aliyachonga sawasawa kwenye jiwe, na shaba ikatoka imegeuka. Hakuna aliyejali kusahihisha. Iliendelea kumiminwa hivyo hivyo, ikauzwa, ikavaliwa. Desemba 1240 Wamongolia wakauteka mji.

Ukiniuliza mimi, dua iliyogeuka herufi inanigusa kuliko mozaiki yoyote ya Ravenna. Hilo ni la kwangu, sikulazimishi.

Fundi Gerezani (#14)

Kosa la herufi kugeuka nalijua vizuri, ukichonga kalibu ya kibao kwa mara ya kwanza lazima likukute. Ila hao waliacha liendelee, duh.

Halafu hiyo risasi tele uliyosema, ni kwa sababu inafanya shaba itiririke, inaingia kwenye kona za kalibu. Na bei inashuka.

Mzee wa Kalibu (#15)

Ndiyo. Lakini inakula upande wa pili: shaba yenye risasi nyingi haipokei vizuri dhahabu inayopakwa kwa zebaki. Kwa hiyo aliyetaka msalaba upakwe dhahabu alilazimika kuanza na shaba safi zaidi. Ukikuta msalaba wenye mabaki ya dhahabu, ujue tangu tanuruni ulipangiwa mtu mwenye nafasi.

Bin Forodhani (#16)

Sheikh, niseme kinachonijia? Kitu cha kuvaa kifuani, ndani kuna kitu kitakatifu, nje kuna jina, mtu anavaa apate kinga. Mbona hiyo ni hirizi?

Mama wa Riruta (#17)

Hapana ndugu yangu. Hirizi unaitegemea yenyewe. Msalaba unakukumbusha unayemtegemea.

Mzee wa Kalibu (#18)

Mama kasema kikanisa na namheshimu. Kihistoria mpaka ulikuwa mwembamba. Karne za 6 na 7, Siria na Palestina, watu walivaa vidani vya shaba vyenye mpanda farasi mtakatifu anamchoma mkuki pepo, na pepo mwenyewe ni mwanamke amelala chini. Pembeni maandishi ya Kigiriki: Mungu mmoja, ashindaye mabaya. Vingine vinamtaja mpanda farasi kwa jina, Sulemani. Naam, Nabii Suleiman huyu huyu mwenye amri juu ya majini. Viongozi wa kanisa waliwakemea Wakristo wanaovaa hirizi, na kukemea kwenyewe ni ushahidi kwamba walizivaa.

Halafu mtazame mpanda farasi huyo, umtazame na Teodori au Joji akimchoma joka mkuki. Joji juu ya farasi na joka chini ni picha iliyoenea baadaye, kuanzia karne ya 11 na kuendelea. Wapo wanaoona ukoo mmoja kati yao. Mimi nauona, ingawa karne zilizopita katikati ni nyingi na siwezi kuziruka kwa mguu mmoja.

Mswahili wa Tiber (#19)

Wakuu, mimi naishi Roma. Anayepita huku, milango ya 1070 ipo. Shuka metro mstari wa B kituo cha Basilica San Paolo. Usiitafute nje, utaona milango mipya ya shaba udhani ndiyo. Ile ya Staurachios iko ndani, upande wa nyuma wa Mlango Mtakatifu, ule unaofunguliwa miaka ya Jubilei tu. Usitegemee kung'aa. Basilika liliungua Julai 1823 na milango iliumia vibaya, fedha nyingi haipo, umebaki mfereji mtupu. Lakini ndiyo maana ni rahisi kuona kazi ilivyofanyika. Ukisimama ukaegemea pembeni kidogo, kwenye mwanga wa ubavuni, unaona tindo ilipopita.

Amalfi ipo katika hali nzuri zaidi, na haina msongamano wa kusukumana ukienda mapema.

Mzee wa Kalibu (#20)

Asante sana Mswahili wa Tiber. Kwa Amalfi niongeze: masalia ya Mtume Andrea yaliletwa pale mwaka 1208 na Kardinali Pietro Capuano, kutoka Konstantinopoli iliyokuwa imetekwa na Wapiganaji wa Msalaba, wanajeshi Wakristo wa Ulaya Magharibi, mwaka 1204. Kwa hiyo Andrea wa shaba na fedha alitangulia mlangoni miaka zaidi ya 140 kabla mifupa haijafika.

Dogo wa Mtandaoni (#21)

Mkuu hizi enkolpion naziona zinauzwa mtandaoni bei chee, "Byzantine original". Naweza kuchukua moja?

Mzee wa Kalibu (#22)

Dogo, weka pesa yako mfukoni.

Kwanza, za kughushi ni nyingi, maana kama nilivyoeleza, kuimimina upya ni kazi rahisi tangu karne ya 10. Ukijani wa kutu unapakwa kwa tindikali, unakwanguka kwa kucha. Pili, ikiwa ni ya kweli basi huenda imeibwa ardhini. Uturuki ina sheria namba 2863 ya mwaka 1983, mali ya kale ni ya dola, kuitoa nje ni jinai. Na ikishachomolewa na mwenye kifaa cha kusaka metali, hatujui tena ilikuwa kaburini, kanisani au chini ya kitanda cha mtu. Habari zote zinakufa, kinabaki kipande cha shaba.

Tatu, ikoni (picha takatifu) nyingi za shaba unazoziona huko, zile bapa zenye rangi za enameli za buluu na nyeupe, ni za Urusi, karne ya 18 na 19. Peter Mkuu alipiga marufuku umiminaji wa ikoni za shaba miaka ya 1720, lakini Waumini wa Kale waliojitenga na kanisa rasmi wakaendelea kuzimimina kwa siri na kwa dhahiri. Ni nzuri, zina hadithi yake, ila Bizanti ilikuwa imeshaanguka siku nyingi.

Fundi Gerezani (#23)

Sasa kwa nini Istanbul yenyewe haina milango hiyo ya watakatifu? Mafundi walikuwa pale, kazi zote ziko Italia.

Mzee wa Kalibu (#24)

Kwa sababu shaba inayeyuka, Fundi. Wewe unajua chakavu kinaishia wapi.

Mwaka 1204 jeshi la Wapiganaji wa Msalaba liliingia Konstantinopoli, na Niketas Choniates, aliyekuwa ofisa wa mji na akashuhudia, ameorodhesha sanamu kubwa za kale za shaba zilizotupwa tanuruni kuwa sarafu. Zile nyingi zilikuwa za miungu na mashujaa wa Kigiriki, lakini tanuru halibagui. Wavenisi wakabeba farasi wanne wa shaba ambao wako San Marco mpaka leo. Kazi iliyosafirishwa kabla ya hapo kwenda Amalfi, Roma, Gargano, Salerno, Venisi, ndiyo iliyopona. Tunaisoma karakana ya Konstantinopoli kwa bidhaa zake za nje.

Na usisahau shaba nyingine iliyopona kwa wingi: sarafu. Tangu Tzimiskes huyo huyo wa Dorostolon, aliyetawala 969 hadi 976, sarafu ya shaba ya kila siku iliacha kubeba mfalme. Upande mmoja uso wa Yesu ameshika Injili, upande wa pili maneno: Yesu Kristo Mfalme wa Wafalme. Hakuna jina la mtawala. Iliendelea hivyo, kwa mitindo mbalimbali, mpaka Mfalme Alexios I alipobadilisha fedha zote mwaka 1092. Baada ya hapo watakatifu wakaanza kuingia kwa majina: Demetri kwenye sarafu za Thessaloniki, Joji kwenye za Mfalme Manuel I.

Fundi Gerezani (#25)

Kwa hiyo mtu alinunua mkate kwa Yesu wa shaba.

Mzee wa Kalibu (#26)

Kwa miaka zaidi ya 100. Na nyingine zimekutwa zimetobolewa tundu, mtu aliona mkate usubiri, akaivaa.

Kichwa Ngumu (#27)

Hiyo ya kutoboa sarafu ndiyo imenivunja nguvu. Bado siafiki, lakini naelewa.

Fundi Gerezani (#28)

Mimi wikiendi hii nina bamba la shaba limebaki kazini. Nataka nijaribu hiyo njumu, nichore hata samaki. Waya wa fedha nitapata kwa sonara. Kuna la kuzingatia?

Mzee wa Kalibu (#29)

Waya uchome kwanza mpaka uwe mwekundu wa mbali, uache upoe, la sivyo utakuwa mgumu na utaruka ukiupiga. Mfereji ulaze tindo kidogo kila upande ili chini pawe papana. Pigilia kwa nyundo nyepesi ukianzia katikati ya mstari kwenda ncha. Usipige tupa mpaka umalize samaki mzima. Leta picha, hata likiharibika.